Baba Mluguru, mama Mchaga: uchambuzi wa kisa cha mtoto aliyeangukia katikati ya koo mbili

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki nimekiandika kwa ridhaa ya mhusika na mama yake. Majina ya watu, koo na vijiji nimeyaondoa, na mambo machache ya kazi na umri nimeyabadilisha ili familia isitambulike. Makabila mawili nimeyaacha kama yalivyo, kwa sababu bila hayo hakuna kisa: baba alikuwa Mluguru, mama ni Mchaga. Mhusika nitamwita Bi. T.

Nawaandikia wenzangu tunaoketi na familia za mchanganyiko, wawe maafisa ustawi wa jamii, makatekista, viongozi wa jumuiya au mawakili wa mirathi. Familia za namna hii sasa ni nyingi mijini, lakini ushauri tunaowapa bado ni ule wa zamani: "chagua upande mmoja ukae." Kisa hiki kinaonyesha kwa nini ushauri huo unaumiza.

Usuli

Bi. T alizaliwa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1980, wa kwanza kati ya watoto wawili. Baba alikuwa mtumishi wa shirika la umma, mama muuguzi. Walikutana mjini kikazi, wakafunga ndoa kanisani, wote wakiwa Wakatoliki. Nyumbani walizungumza Kiswahili tu. Kiluguru baba alikitumia akiongea na dada yake kwenye simu. Kichaga kilimtoka mama akikasirika. Likizo ya Juni watoto walipelekwa milimani Uluguru, na baadhi ya Krismasi walikwenda Kilimanjaro kama Wachaga wengine wote.

Shuleni akiulizwa kabila, Bi. T alijibu "Mluguru", kwa kuwa ndilo jina la ukoo alilobeba kutoka kwa baba. Hakuna aliyempinga. Dola yenyewe haina haja ya kujua: sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho kuuliza kabila, na kitambulisho cha taifa hakilitaji. Mtu anaweza kufika miaka thelathini na ushei akijiita Mluguru bila kuombwa hata siku moja aeleze kwa njia gani.

Hapa lazima nieleze taratibu mbili, maana mgogoro wote umekaa humo.

Waluguru, kama Wakaguru, Wazigua, Wakwere na majirani zao wengi wa mashariki mwa Tanzania, huhesabu ukoo kwa mama. Mtu ni wa lukolo, yaani ukoo, ya mama yake, na ndani ya lukolo ni wa tombo, yaani tawi la ukoo, ya bibi fulani anayejulikana kwa jina. Ardhi ya milimani kwa mila ni ya tombo. Mwanamume hulima ardhi ya ukoo wake, lakini watoto wake si wa ukoo huo. Wao ni wa ukoo wa mama yao. Akifa, anayerithi jina na nafasi yake ni mpwa, mtoto wa dada yake. Watoto wake hawatupwi: kwa upande wa baba wana jina la mtala, jina linaloonyesha kwamba wamezaliwa na mwanamume wa ukoo ule. Ukoo wa baba unawapenda, unawaombea, unawaita watoto wetu. Ila kikao cha ukoo kikiketi, wao si wajumbe.

Wachaga huhesabu kwa baba. Jina la ukoo hutoka kwa baba, kihamba, yaani shamba la familia penye makazi, hushuka kutoka kwa baba kwenda kwa wana wa kiume, na wafu huzikwa humo humo kihambani katikati ya migomba na kahawa. Binti akiolewa na mahari ikapokelewa, watoto atakaowazaa ni wa kwa mume wake. Huja kwa wajomba zao kama wageni wapendwa.

Sasa weka taratibu hizi pamoja. Mama angekuwa Mluguru na baba Mchaga, watoto wangegombewa na pande zote mbili. Kwa Bi. T na mdogo wake ikawa kinyume: Uluguru walisema hawa ni wa kwa mama yao, na Kilimanjaro wakasema hawa ni wa kwa baba yao. Kila upande ulisema kweli kwa utaratibu wake, na kila upande uliamini kwamba watoto wana kwao, huko kwa wengine. Kwa miaka zaidi ya thelathini hakuna aliyeona tundu hilo, kwa sababu baba alikuwa hai.

Yaliyotokea

Baba alifariki Dar es Salaam baada ya kuugua kwa muda mfupi. Alikuwa amesema wazi kwamba azikwe kwao. Jumuiya ya mtaani ilisimamia michango na basi, na pale barabara ya magari ilipokoma jeneza likapandishwa mlimani mabegani. Mazishi yalikwenda vizuri.

Siku ya tatu wazee waliita kikao kupanga kumaliza msiba na kumtaja mrithi wa jina. Bi. T aliingia akakaa, kama mtoto mkubwa wa marehemu. Bibi mmoja mzee, dada wa mama wa marehemu, akamuuliza kwa upole, "Mama, wewe ni wa ukoo gani?" Bi. T akautaja ukoo wa baba yake. Watu wakatazamana. Bibi akamwambia, "Huo ni wa baba yako, mwanangu. Nakuuliza wa kwako." Bi. T hakuwa na jibu. Shangazi yake, dada wa marehemu, akamshika mkono akamtoa nje wakakae na wanawake waliokuwa wakipika. Hakuna aliyemfukuza, wala sauti haikupandishwa. Ila yeye alihisi amefukuzwa kwenye msiba wa baba yake mzazi.

Ndani ya kikao alitajwa mrithi: mtoto wa kiume wa shangazi, kijana aliyempita Bi. T kwa udogo miaka michache. Habari ilipomfikia mdogo wake Bi. T, aliyekuwa amebaki na mama, alisikia neno moja tu, "mrithi". Akaamini wamekuja kuchukua nyumba ya Dar es Salaam. Majirani wakaichochea imani hiyo. Kila mtaa una mjane aliyewahi kutolewa ndani na ndugu wa mume. Simu za matusi zikaanza. Kwa kweli ukoo haukuitaka nyumba. Ulikuwa unazungumzia jina, wajibu, na shamba la mlimani ambalo marehemu alilijaza mikarafuu na pilipili manga.

Desemba ile Bi. T alikwenda Kilimanjaro. Kwa maneno yake, alikuwa anakwenda "kwao kwa kweli". Kulichinjwa mbuzi, nyama ikagawiwa kwa nyumba za wana wa ukoo, na yeye fungu lake likaja pamoja na la mabinti walioolewa na watoto wao. Jioni alimuuliza mjomba mkubwa kama mdogo wake anaweza kupewa pembe ya kihamba ajenge. Mjomba alijibu bila kinyongo: "Sisi mahari ya mama yenu tulikunywa. Ninyi ni wa kwa baba yenu. Hapa mnakuja, mnakula, mnalala, lakini kujenga mnajenga kwenu."

Aliporudi mjini alifanya jambo ambalo hakumshirikisha mtu. Alikwenda kwa wakili, akaandaa kiapo cha kubadili jina ili aache jina la baba na kuchukua la ukoo wa mama, akaanza kufuatilia nyaraka nyingine zibadilishwe. Habari zikamfikia shangazi kupitia binamu. Shangazi, ambaye ndiye aliyemlea Bi. T kila likizo ya Juni, akaacha kupokea simu. Kilimanjaro nako wajomba walishangaa: binti wa binti yao anachukuaje jina la ukoo bila kuuliza ukoo? Mama ndiye aliyemleta kwangu, miezi kadhaa baada ya msiba.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutenganisha mali na ukoo, kwa sababu hasira ya mdogo wake ilikuwa juu ya nyumba na huzuni ya Bi. T ilikuwa juu ya jina, na mambo hayo mawili yalikuwa yakitokotea chungu kimoja. Mambo ya nyumba tuliyapeleka kwa mwanasheria wa mirathi. Yeye alieleza jambo ambalo familia nyingi hazilijui. Mahakama ya Mwanzo hushughulikia mirathi inayofuata mila au sheria ya Kiislamu. Mkristo ambaye mwenendo wa maisha yake ulionyesha kuwa aliacha kuishi kimila, mirathi yake huenda mahakama za juu zaidi, chini ya Sheria ya Urithi ya India ya 1865, ambayo hadi leo inatumika Tanzania. Marehemu aliishi mjini, alifunga ndoa ya kanisani, na nyumba waliijenga yeye na mkewe kwa mishahara yao. Kwa hiyo nyumba ilikuwa ya mjane na watoto, na mpwa hakuwa na dai juu yake. Mpwa mwenyewe aliposomewa hayo akasema hajawahi kudai.

Uamuzi wa pili ulikuwa kusimamisha ule mchakato wa jina kabla haujakamilika. Sikumwambia kwamba ni kosa. Jina ni lake. Nilimwomba aache kwa muda, kwa sababu kiapo hakiwezi kumpa alichokuwa akikitafuta. Alitaka mahali ambapo watu watamwita akiwa hayupo. Karatasi hubadilisha namna ofisi inavyomwita, lakini haimlazimishi mjomba kumhesabu.

Wa tatu ulikuwa kuliacha lile swali alilokuwa akiulizwa na kila mtu: "Sasa wewe unajiona nani?" Badala yake tuliandika orodha ya shughuli. Akipata mtoto, nani ataambiwa kwanza? Posa ikija, barua inapelekwa kwa nani? Akiugua, nani atakuja kulala hospitali? Mama yake akifa, nani atasema neno kwa niaba ya watoto? Akifa yeye, atazikwa wapi? Kwa karibu kila shughuli kulikuwa na mtu, mara nyingi zaidi ya mmoja, na walikuwa wa pande zote mbili. Hakuwa mtu asiye na kwao. Alikuwa mtu ambaye nafasi yake haijawahi kutajwa mbele za watu.

Wa nne ulikuwa kumwomba mama azungumze. Mama alikuwa akijua taratibu zote mbili tangu siku ya mahari. Alinyamaza miaka yote hiyo kwa nia njema, akitaka watoto wakue "Watanzania tu, bila ukabila". Aliporuhusiwa kueleza, alieleza kwa siku mbili: nani alisema nini wakati wa uchumba, bibi wa Uluguru alivyoshangaa wingi wa mahari, babu wa Kilimanjaro alivyouliza watu gani hawa ambao mtoto si wa baba yake. Bi. T aliniambia kwamba alijifunza kuhusu kwao katika siku mbili zile kuliko katika likizo zote.

Wa tano ulikuwa safari ya kwenda kuomba radhi kwa shangazi. Mjomba mkubwa alikubali kwenda. Alibeba jani la isale, ambalo Mchaga akikuletea kuomba msamaha ni vigumu sana kulikataa. Nilimtahadharisha kwamba milimani Uluguru jani hilo huenda lisiseme kitu, na ndivyo ilivyokuwa: shangazi alilipokea kwa adabu, akaliweka kando kama mboga. Mjomba akasimama, akaeleza isale ni nini kwao, na kwamba mtu wa umri wake hulibeba pale tu anapokiri kuwa nyumba yake imekosea. Shangazi akalichukua tena, akalishika muda wote wa mazungumzo.

Matokeo

Wazee wa Uluguru walifanya walichopaswa kufanya wakati watoto wamezaliwa. Walimpa Bi. T na mdogo wake majina ya mtala, mbele ya watu, na wakatangaza kwamba hawa ni watoto wa mwanamume wa ukoo huu. Si wajumbe wa kikao, na hilo halikubadilika. Lakini wana nafasi yenye jina.

Kuhusu shamba, ukoo ulikubali kwamba ardhi ni ya tombo ila miti ni jasho la marehemu. Watoto watavuna karafuu na pilipili manga aliyopanda baba yao, na kila msimu watatoa ngoto, yaani kifungu kidogo cha kumtambua mwenye ardhi. Hawataongeza miti mipya bila ruhusa. Makubaliano yaliandikwa, mwenyekiti wa kitongoji akashuhudia.

Mpwa alirithi jina. Kwa mila sasa ndiye baba wa Bi. T, ingawa yeye ni mdogo kwa umri, naye Bi. T humwita baba bila kutatizika. Bi. T alipopata mchumba, Msukuma, swali la barua ya posa likaja kweli. Barua ilipokelewa Dar es Salaam nyumbani kwa mama, na wapokeaji walikuwa wawili: mpwa aliyerithi jina, na mjomba kutoka Kilimanjaro. Waliketi usiku mmoja kabla wakapatana nani atasema nini na mahari igawanywe vipi. Kilimanjaro hawakutoa kihamba na hawatatoa. Walitoa kitu kingine: Bi. T amekabidhiwa matunzo ya bibi yake mzaa mama, pamoja na mabinti wengine wa nyumba ile, na kwenye shughuli za bibi yeye huitwa na kuulizwa.

Kiapo cha jina hakikuendelea.

Mdogo wake hakushiriki kwa lolote. Alikubali jina la mtala kwa simu ili kumridhisha mama, lakini hajapanda mlimani tangu mazishi. Akiulizwa husema yeye ni mtu wa Dar.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi, kwa maoni yangu, ni kuhama kutoka swali la damu kwenda swali la shughuli. Tunapozungumza juu ya mchanganyiko tunapenda hesabu: nusu huku, nusu kule. Hesabu hiyo haikumsaidia Bi. T hata kidogo. Damu alikuwa nayo ya pande zote mbili, na bado kila upande ulimwelekeza kwa mwenzake. Utamaduni ulimshika pale alipopewa kazi inayojulikana na watu: kutoa ngoto, kumtunza bibi, kumwita mpwa baba. Mtu hujua ni wa wapi kwa kuangalia nani anamtarajia na kwa jambo gani.

Kuitaja nafasi yake kwa ukweli, hata ilipokuwa ndogo kuliko alivyotamani, kulisaidia kuliko kumfariji. Wakati wa msiba watu wengi walimwambia, "Usijali, wewe ni Mluguru tu." Maneno hayo yalikuwa ya upendo lakini hayakuwa kweli kwa utaratibu wa Waluguru wenyewe, naye alilijua hilo tangu alipotolewa kikaoni. "Wewe ni mtoto wa mwanamume wetu" ni dogo zaidi, lakini lina uzito, kwa kuwa wanaolisema wanajua linawadai nini.

Kutenganisha mali na ukoo kulizuia kesi. Natahadharisha hata hivyo: kulifanikiwa kwa sababu nyumba ilikuwa ya mjini na ndoa ilikuwa ya kanisani. Marehemu angekuwa ameishi kijijini, mahakama ingeweza kuuona mwenendo wa maisha yake kuwa wa kimila, na mambo yangekuwa magumu zaidi. Yapo pia mambo madogo yanayokwamisha. Mahakama ya Mwanzo huomba muhtasari wa kikao cha ukoo ili imteue msimamizi wa mirathi. Kwa Mluguru, kikao cha ukoo wa marehemu hakina watoto wake ndani. Wakili asiyelijua hilo ataleta muhtasari uliosainiwa na watu ambao watoto watawapinga, au uliosainiwa na watoto ambao ukoo hauwatambui kama kikao. Njia salama ni kuketisha pande zote na kuandika wazi kila aliyesaini ni nani kwa marehemu.

Yaliyoshindikana ni makubwa pia. Ukimya wa wazazi ndio ulioanzisha yote. Nauheshimu moyo wao. Kizazi chao kilijenga nchi ambayo mtu haulizwi kabila akiomba kazi, na hilo ni jambo la thamani kubwa. Lakini kumlea mtoto bila ukabila hakuhitaji kumficha taratibu za pande zake. Bi. T hakujifunza ukabila alipoelezwa lukolo na kihamba. Alijifunza kwamba watu wawili waliompenda walikuwa wakitumia kanuni mbili, na hasira yake ikapungua siku ileile. Mazungumzo aliyoyapata akiwa mtu mzima, ndani ya msiba, angeweza kuyapata akiwa na miaka kumi na mbili.

Zawadi ya mtala nayo ilichelewa. Kwa mtoto mchanga ni furaha. Kwa mtu mzima aliyekwisha kuumia inaweza kuonekana kama fidia. Kwa Bi. T ilipokelewa, kwa mdogo wake haikupokelewa.

Na juu ya mdogo wake nataka kuwa mwangalifu. Baadhi ya wenzangu waliosikia kisa hiki walisema huyo ndiye aliyepotea. Sikubaliani nao. Kuwa mtu wa Dar ni utambulisho kamili kwa mamilioni ya watu: una lugha yake, misiba yake, jumuiya na vikundi vyake vya kuzikana, heshima zake za mtaani. Tatizo lake halipo hapo. Lipo katika kwamba alichagua akiwa na hasira, akiamini ndugu wa baba ni wezi wa nyumba, na imani hiyo haikuwa ya kweli. Mpwa aliyerithi jina ameomba kwenda kumwona mwenyewe, bila wazee na bila kikao, na mama amekubali kuwakutanisha. Bi. T ameulizwa aende nao, akasema waende wawili tu kwanza.